Shahidi Asiyeapishwa

Mstari wenyewe ulikuwa mmoja tu, katikati ya ukurasa, na hakimu mwingine angeupita bila kuuona. Huyu hakuupita. Makarani walimwita Bi Rula, jina walilodhani halijui, kwa sababu alipiga mstari wa pambizo kwa rula kabla shahidi hajafungua kinywa. Katika mahakama ile hakimu mwenyewe ndiye aliyeandika ushahidi kwa mkono, na yeye aliandika kilichosemwa, hakuongeza chumvi wala hakupunguza.

Sasa ilikuwa saa saba mchana, mapumziko, na alikuwa ofisini kwake akipitia ushahidi wa mjane.

*Marehemu alichimba msingi kwa mikono yake. Nilimwona.*

Mwandiko ulikuwa wake na wino wake. Lakini mjane alikuwa ameeleza waziwazi kwamba siku anaolewa, nyumba ilikuwa imeshaezekwa na ina mapazia. Msingi angeuona wapi?

Na msingi ndio uliokuwa kesi yenyewe. Mjane alidai nyumba ilijengwa na mumewe. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alidai ilijengwa na baba yao, hivyo mama huyo afunge virago apishe wenye mali. Mwanamke alikuwa na watoto wanne na hakuwa na pengine pa kwenda.

Hakimu alimwita karani, mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi.

"Wewe si ulikuwepo? Mjane alisema haya?"

Karani alisoma. "Kama umeandika, Mheshimiwa, basi kasema."

"Ulikuwa umelala."

"Nilifumba macho ili nisikie vizuri." Kisha akanusa. "Mbona humu ndani kunanuka udongo? Kama wamefukua kitu sasa hivi."

Hakimu naye aliisikia harufu hiyo, mbichi na yenye unyevu. Dirisha lilikuwa limefungwa, na nje kulikuwa na lami tupu.

Kesho yake, saa ile ile, mistari ilikuwa mitatu. Siku ya tatu ilijaa nusu ukurasa: marehemu alianza kuchimba upande gani, jembe lilivunjika mpini lini, alikaa wapi kupumua. Yote yalimfaa mjane, na yote hayakusemwa na mtu. Hakimu alianza kusikia jembe. Lilichimba polepole chini ya meza yake, ndu, likatulia, ndu, likatulia, na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili.

Siku ya nne alimwambia karani abaki naye. Karani alisikia ndu ya kwanza, akakumbuka kwamba ana dharura nyumbani.

Alipobaki peke yake, mlango ukiwa umejifunga taratibu nyuma ya karani na jua la utosi likiwaka dirishani lakini mwanga wake ukiwa haufiki mezani, hakimu aliona mkono wake wa kulia ukiinuka bila yeye kuuinua, ukashika kalamu, ukaanza kuandika, na kadiri alivyouvuta kwa mkono wa kushoto ndivyo baridi ilivyopanda kutoka vidoleni hadi kiwikoni, na nyuma ya sikio lake, karibu kabisa, sauti ikanong'ona kama ya mtu mwenye udongo kinywani.

"Andika."

"Nani wewe?" aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Mwenyeji wako. Uliingia kwangu bila kupiga hodi."

Ndipo alipokumbuka, na uso ukamwiva kwa aibu. Mwezi uliopita mahakama nzima ilikwenda kuiona nyumba yenye mgogoro. Hakimu akienda kukagua mahali, haingii chumba wala hapimi ukuta pasipo pande zote mbili kuwepo na kuona anachoona. Hata karani anayelala analijua hilo. Lakini mjane na shemeji walikuwa uani wakifokeana kuhusu choo, jua lilikuwa kali, na sauti ya upole kutoka chumba cha nyuma ilimwita: Mheshimiwa, huku kuna kivuli. Akaingia peke yake, dakika moja, mbili. Hakukuwa na mtu. Alitoka na hakuandika popote kwamba aliingia.

"Nilikuwepo kabla ya nyumba," sauti iliendelea. "Yule mkubwa akishinda atabomoa, atafukua msingi upya. Mimi nikalale wapi? Mama huyu chumba changu hakifungui. Mpe nyumba yake. Wewe mwenyewe unaamini ni yake. Nimekudanganya wapi?"

Ni kweli hakimu aliamini. Tangu wiki ya pili baada ya ukaguzi aliona kabisa kwamba mjane ana haki. Sasa alijaribu kukumbuka ni shahidi gani aliyemfanya aamini hivyo, akatafuta kichwani, akatafuta kwenye kurasa, na hakuweza kutenganisha aliyoyasikia kizimbani na aliyoyasikia sikioni. Hapo aliogopa kuliko alivyoliogopa jembe.

"Najitoa," alisema.

"Ukijitoa, mkono huu nauchukua."

Asubuhi iliyofuata karani alimkuta kwenye ngazi akiusugua mkono. Alimweleza yote. Mdomo wa karani haukujua kutulia.

"Mheshimiwa, nisikilize mimi mdogo wako. Hukumu yenyewe kurasa tatu. Mpe mama wa watu nyumba yake, jini litaridhika, halafu tutafute mtu akusomee dua. Mkono ni mkono jamani!"

"Na shemeji mtu atakata rufaa dhidi ya nani? Dhidi ya jini?"

"Lakini yule mama ana haki."

"Labda. Basi aipate kwa hakimu aliyeisikia kutoka kinywani mwake."

"Na akipewa hakimu mwingine akashindwa?"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa ndilo aliloliogopa mwenyewe. Alipanda kuvaa joho lake.

Mahakama ilijaa asubuhi ile, kwani watu walidhani wanakuja kusikia hukumu. Mjane alikaa mbele na watoto wote wanne. Hakimu aliketi, akasema bila kuzunguka kwamba siku ya ukaguzi aliingia chumba cha nyuma peke yake, na kwamba tangu siku hiyo amekuwa akiambiwa mambo ya kesi hii na mtu ambaye hakuapishwa.

"Mtu gani?" shemeji aliruka. "Kahongwa huyu! Nilisema mimi!"

Harufu ya udongo ikaingia. Watu waliziba pua. Ndu, chini ya sakafu, na glasi ya maji mezani ikatikisika; ndu tena, na watoto wa mjane wakapanda juu ya benchi, na mbele ya macho ya wote ngazi ya kizimba cha mashahidi ikalia chini ya uzito wa kitu kisichoonekana, na mbao za kizimba zikapinda, na udongo mweusi ukaanza kudondoka kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi. Mlangoni watu walikuwa wakikanyagana.

Hakimu alisimama. Alishachoka kuogopa, na hasira ilimpa sauti aliyoikosa ofisini.

"Umepanda mwenyewe, vizuri! Sema jina lako. Kula kiapo. Ukimaliza, huyu shemeji atakuuliza maswali, na utamjibu hapa hapa, kila mtu akisikia."

Jembe likanyamaza.

"Apa! Ulikuwa na maneno mengi sikioni mwangu. Unamwogopa nani? Kila anayesimama hapo huulizwa na upande wa pili. Mjane kaulizwa mpaka kalia. Wewe ni nani usiulizwe?"

Kisha mbao zikanyooka taratibu, ngazi ikalia mara moja, na uzito ukaondoka kizimbani. Hakimu alihisi ulikoelekea. Baridi ilimpanda toka vidoleni hadi begani, na mkono wa kulia ukaanguka ubavuni, mzito, usiosikia kitu.

Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Kwa herufi za mtoto wa chekechea aliandika: *Najitoa. Kesi isikilizwe upya na hakimu mwingine.* Akatia sahihi.

Mjane alimfuata hadi kwenye korido. "Mheshimiwa, miaka mitatu nakuja hapa. Niambie kitu kimoja tu. Ningeshinda?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, lakini lilikuwa na ladha ya udongo. Hakimu alilimeza.

"Sijui, mama."

Mjane alimtazama kwa uchungu, akawakusanya watoto wake, akaondoka bila kuaga. Hakimu alilia chooni, akanawa uso kwa mkono mmoja.

Alibaki kazini. Kila kesi aliianza kwa kuwaeleza watu habari za mkono wake, na kuuliza kama kuna mwenye shaka. Mwenye shaka alipelekwa kwa hakimu mwingine, na hakumnunia.

Miezi minane baadaye, hukumu ya nyumba ilikuwa ikisomwa chumba cha jirani. Hakimu alikuwa kwenye kiti chake, akisubiri kesi yake iitwe, harufu ilipomfikia. Mkono wa kulia, uliokufa miezi minane, ukainuka ukashika kalamu. Ukaandika mwandiko wake wa zamani, mzuri na ulionyooka: *Nyumba imepewa*

Ng'ambo ya ukuta mtu alipiga kelele, na haikujulikana kama ni ya furaha au ya kilio.

Hakimu aliipokonya karatasi kwa mkono wa kushoto kabla neno lililofuata halijaisha, akaikunja mpaka ikawa kidonge, akaitupa. Kisha akaushika ule mkono, akausukuma chini ya paja lake, akaukalia kwa uzito wake wote. Ulipapatika. Aliukandamiza.

"Karani," alisema kwa sauti, "kesi hiyo si yangu. Niitie iliyo yangu."