Makofi Niliyomnyima Chiriku

Jioni ile nilikwenda chuo cha muziki kupeleka gauni. Basi. Sikwenda kutafuta mambo.

Lilikuwa gauni jeusi, refu, la kupandia jukwaani, na pindo lake lilikuwa limefumuka mwenyewe alipokuwa akilijaribu. Mwenyewe ni Chiriku. Jina hilo nilimpa mimi, maana tangu ajue kusema hajawahi kunyamaza. Ni mtoto wa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ameshinda kwangu utoto wake wote, ananiita mama mdogo, na masufuria yangu anajua yalipo kuliko mimi mwenyewe. Yeye na binti yangu walianza fidla pamoja, kwa mwalimu mmoja, na magauni yao ya jukwaani niliyakata kwenye jora moja.

Tofauti yao? Binti yangu anapiga vizuri. Chiriku akipiga, unasahau kwamba umekalia kiti cha plastiki.

Mimi ni fundi cherehani. Huu muziki wa klasiki niliuingia kwa kumfuata mwanangu, na siku ya kwanza niliumbuka. Kipande kilinyamaza kidogo, nami nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote, peke yangu! Ukumbi mzima ukageuka. Kumbe kipande kimoja kina sehemu zake, na kati ya sehemu na sehemu watu hunyamaza tu. Wanakohoa vikohozi walivyovibana, wanatulia, mikono mapajani, na makofi ni mwisho kabisa. Niliona aibu, lakini nilikuwa nimekwisha kunogewa. Tangu hapo kila kukiwa na onyesho la wanafunzi nafunga kazi mapema. Nawapenda hawa kuliko mabingwa wa redioni. Hawa unawaona jasho. Wanasahau, wanakumbuka, wanang'ata midomo. Kuna mmoja nywele za uta wa fidla zilimkatikia katikati ya kupiga, akaendelea hivyo hivyo zinamning'inia puani. Nikitoka pale huwa kifua kimekuwa chepesi kabisa.

Lakini jioni ile haikuwa ya kujiburudisha. Walimu walikuwa wamekaa mstari wa mbele kuchagua mwanafunzi mmoja. Huyo ndiye angesimama mbele ya okestra siku ya kufunga mwaka, na ndiye angepelekwa kusoma nje kwa gharama ya chuo. Na kila mtu alijua ni wawili tu wanaogombea.

Nilimkuta Chiriku nyuma ya jukwaa, amevaa kanga, anaruka ruka.

"Mama mdogo, umeniokoa! Ningetoka na pindo linafagia jukwaa."

"Simama wima nikuone. Acha kuchezacheza."

"Mwanao leo kaamka vizuri, nimemsikia akijaribu. Kama ni kushindwa, basi nishindwe na yeye tu, siyo mtu mwingine."

"Nenda huko, maneno mengi."

Akacheka, akanikumbatia. Nikaenda kukaa.

Binti yangu alitangulia. Alipiga safi, hakukosea popote. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Halafu akaja Chiriku.

Sijui nielezeje. Fidla ile ile, ukumbi ule ule wenye feni inayolia. Alipoanza tu, feni sikuisikia tena. Mwalimu wa fidla alivua miwani yake akaishika mkononi. Kwa binti yangu hakuivua. Hapo nikajua kumekwisha. Nilipaswa kufurahi, maana yule ni mtoto wangu pia. Sikufurahi. Niliona wivu, wivu mchungu.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Kimya.

Vikohozi huku na huku...

Ndipo nikasikia harufu. Ule utomvu mkavu wanaosugulia nyuta, ninaujua, nguo za binti yangu zinaunuka. Lakini huu ulichanganyika na harufu ya kabati lililofungwa miaka mingi. Nikageuka. Kwenye kiti cha pembeni, nilikokuwa nimeweka mkoba wangu, alikuwa amekaa mwanamke. Mkoba ulikuwa chini. Sikumwona akiingia.

Umri wake sikuweza kuusoma. Alivaa gauni jeusi, nami mtu nikimwona huwa naanza na mshono. Nikatazama begani. Nikatazama ubavuni.

Hakukuwa na mshono.

Popote. Na mikono ya gauni ilikuwa mirefu kupita kiasi, imelala mapajani kwake, bapa, haina kitu ndani.

"Anapiga vizuri mno," alininong'oneza.

"Ndiyo."

"Inakuuma."

Nikatazama jukwaani.

"Usione haya. Wenye watoto wote inawauma."

Chiriku akaanza sehemu ya pili, iliyokuwa ya mwisho. Nilitaka kuhama kiti, lakini ungehamaje katikati ya muziki? Nikakaa. Sauti ya mwisho ikapanda, ikakonda, ikaisha. Kimya kidogo. Halafu ukumbi ukalipuka. Watu walisimama, wakapiga makofi, wakapiga na miluzi.

Mimi nilibaki nimekaa, mikono mapajani.

Hakuna aliyenishika mikono. Nilijiambia tu, huyu anapigiwa na ukumbi mzima, yangu yatampunguzia nini?

"Humpigii?" aliuliza yule mwanamke.

"Mikono imechoka."

"Basi makofi yake nipe mimi."

Nilidhani ni utani. Watu wa sanaa wana mambo yao.

"Chukua," nikasema.

Mikono ya gauni lake ikatikisika. Ikajaa polepole kuanzia begani kushuka, vile unavyovaa nguo ukasukuma mkono ndani. Niliinama kuokota mkoba. Nilipoinuka, kiti kilikuwa kitupu. Nikakigusa. Kilikuwa cha baridi, na kina unyevu.

Asubuhi jirani yangu aligonga ukuta. Hakugonga kama siku zote. Aligonga kama anataka kuuvunja.

Vidole vya Chiriku vya mkono wa kushoto vilikuwa havikunjiki. Kufika mchana na vya kulia vikalala. Mikono ipo, ina rangi yake, haina kidonda, lakini ukiiinua inaanguka. Daktari alisema ni mishipa. Mwalimu alisema ni mazoezi kupita kiasi. Mama yake alisema ni watu.

"Nani kamroga mwanangu, dada?" alilia begani kwangu, jikoni kwangu. "Tumemkosea nani sisi?"

Nikamchemshia chai. Nikamwambia Mungu anajua. Na kweli anajua, ndiyo maana silali vizuri.

Nafasi wakampa binti yangu. Siku aliyoambiwa hakula.

"Si yangu hii, mama."

"Ipokee. Ukiikataa ndiyo mikono yake itapona?"

Mdomo huu huu ndio uliosema hivyo. Nikakaa kwenye cherehani, nikaanza kung'oa vifungo kwenye nguo za Chiriku na kuweka lastiki, ili aweze kuvaa mwenyewe kwa kusukumia mabega. Nguo baada ya nguo. Alinishukuru kwa kila moja. "Mama mdogo, ungekuwa hupo sijui ningetembeaje, ningetembea uchi!" Akicheka. Mimi nilikuwa naingia chumbani nafunga mlango, naukandamiza uso kwenye mto ili nisisikike.

Ikafika jioni ya kufunga mwaka.

Chiriku alisema lazima aje. Mama yake hakutaka, akamwambia utajitonesha bure, lakini huyo mtoto umwambie nini? Walikaa mistari michache mbele yangu, yeye kwenye kiti cha pili kutoka njiani. Kile cha njiani kilikuwa wazi. Mikono yake ilikuwa imewekwa mapajani na mama yake. Imekaa vile vile ilivyowekwa.

Binti yangu akatoka na gauni langu. Okestra ikaanza, naye akaingia juu yake, na Mungu anisamehe, alipiga kuliko siku zote. Alipiga huku anamwangalia Chiriku. Nilitokwa na machozi. Nilikuwa nafurahi na nilikuwa najichukia, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Kimya.

Utomvu... na kabati.

Sikugeuka. Sikuwa na haja ya kugeuka.

"Mrudishie," nikanong'ona. "Nakuomba."

"Sikuiba. Nilipewa."

Akakunja mkono wa gauni.

Kilichotoka mle ni mkono wa kushoto wa msichana. Ncha za vidole ngumu kwa kubana nyuzi. Na kwenye dole gumba kulikuwa na kovu, alama ya pasi yangu, maana Chiriku aliishika ikiwa ya moto siku moja akiwa bado anatambaa chini ya cherehani yangu. Lile kovu nililipaka dawa mimi mwenyewe. Vidole vilikuwa vinacheza. Vinabana hewa, vinaachia, vinabana... Vilikuwa vinapiga muziki aliotoka kuupiga binti yangu.

"Upo na wa kulia," alisema. "Lakini huyu wako leo anapiga vizuri. Anapiga vizuri mno."

"Mimi nitampigia makofi! Nitampigia hadi nitoke damu!"

"Wewe ndiyo. Lakini yule je?" Alimwelekezea kidole Chiriku, kwa kidole cha Chiriku mwenyewe. "Yule makofi hawezi. Na chuki akitaka kumchukia mwanao, ana sababu. Wewe ulikuwa na sababu gani?"

Okestra ikaanza tena. Kiti cha pembeni yangu kikawa kitupu.

Na kile cha njiani, pale mbele, kikawa na mtu.

Ningeweza kusimama. Ningeweza kupiga kelele, muziki ukatike, watu wageuke, niseme mbele yao wote: Chiriku, usimjibu huyo, mwovu ni mimi, njoo unitemee mate. Nilifungua mdomo. Nikamwona jirani yangu kwa nyuma, kilemba chake, shingo yake, nikafikiria atakavyonitazama. Nikaufunga. Mikono ya binti yangu ilikuwa inauzwa mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa naogopa aibu.

Sauti ya mwisho. Kimya kidogo.

Ukumbi ukalipuka.

Nilipiga makofi kama mwendawazimu. Nilikuwa simtazami binti yangu. Namtazama Chiriku. Mikono yake imelala mapajani. Yule mwanamke aliinama, akamsogelea sikioni, nikaona midomo inatikisika. Chiriku akageuka. Akamsikiliza. Yule mtoto asiyejua kunyamaza, akanyamaza.

Jukwaani, binti yangu alishusha fidla na kuanza kuvitazama vidole vyake. Akavikunja. Akavikunja tena.

Halafu nikasikia sakafu.

Du! Du! Du!

Chiriku alikuwa anapiga miguu. Wapigaji wa okestra hufanya hivyo wao kwa wao wanapokuwa wameshika vyombo, mikono haina nafasi, basi humpongeza mwenzao kwa kukanyaga sakafu. Alikanyaga kwa mguu mmoja, kwa yote miwili, akasimama, mikono inaning'inia na kupiga piga mapajani, naye anakanyaga tu huku analia na kucheka.

"Huyo! Dada yangu huyo! Huyo!"

Wenzake jukwaani wakamsikia, wakaitikia na miguu yao. Ukumbi ukatetemeka hadi kwenye meno. Binti yangu aliruka chini, akamkimbilia na fidla yake mkononi, akaikumbatia ile mikono iliyokufa, na vidole vilivyoikumbatia vilikuwa vinakunjika vyote.

Kiti cha njiani kilikuwa kitupu. Plastiki yake ilikuwa na umande.

Nilitoka nje kwenye korido nikaegemea ukuta. Mama yake Chiriku alikuwa amebaki ukumbini akiongea na mwalimu, na binti yangu kavutwa na watu wa kupiga picha. Chiriku alikuja peke yake, jasho linamtoka, kamba ya kiatu imefunguka kwa kule kukanyaga.

"Mama mdogo, nifunge, nisije nikaanguka nikavunjika na meno."

Nikapiga goti, nikaishika kamba.

"Alikuwepo mama mmoja wa ajabu pale," alisema juu ya kichwa changu. "Ananiuliza, humpigii? Nikamwambia mikono ndiyo hivyo, lakini miguu ninayo, we subiri. Akacheka. Sikupenda alivyocheka." Akanisogezea mguu. "Akasema nimsalimie mama mdogo wangu. Mnajuana naye?"

Nilikuwa nimeshafunga fundo la kwanza. Nikalifungua, nikaanza upya.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Simjui."