Mshumaa wa Dominika ya Tatu

Kila asubuhi, likizo au si likizo, Mbambu alifungua dirisha la mbao la chumba chao na kutundika vitenge nje ili wapita njia wavione. Mama yake, Mama Blandine, alikuwa mshonaji. Walitoka Butembo, mashariki ya Kongo, Mbambu akiwa bado anabebwa mgongoni. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa na Kiganda cha sokoni, Kiingereza cha darasani na Kiswahili cha nyumbani. Waliishi kwenye mteremko chini ya kilima cha Lubaga, jijini Kampala, na kengele za kanisa kuu ziliwaamsha hata siku ambazo hawakutaka kuamka.

Lakini wao hawakusali katika kanisa kuu. Walisali katika ukumbi wa shule ya msingi, pamoja na jumuiya ndogo ya watu wa Kiswahili. Walikuwamo Wakongo wenzao, na pia familia za askari na polisi kutoka kaskazini ya Uganda, ambao Kiswahili walikiokota kambini. Ukumbi ulikuwa wa kuazima, hivyo ibada ikiisha kila kitu kilikwenda kulala nyumbani kwa mtu, ngoma kwa huyu na msalaba kwa yule. Taji la Majilio lilikaa kwa Mama Blandine, ndani ya boksi juu ya kabati.

Majilio ni zile wiki nne za kumngojea Bwana kabla ya Noeli. Taji lake ni duara la matawi mabichi lenye mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Dominika, yaani Jumapili, ya kwanza huwashwa mmoja, ya pili miwili, hivyo hivyo mpaka minne. Ule wa waridi ni wa Dominika ya tatu, ambayo huitwa Dominika ya Furaha. Madukani mishumaa ya rangi ni adimu, kwa hiyo Mama Blandine aliitengeneza mwenyewe. Aliyeyusha mishumaa myeupe kwenye kopo la maziwa, akatia vipande vya kalamu za nta za watoto, kisha akamimina kwenye vipande vya bomba. Kalamu ya waridi ilikuwa moja tu, na iliisha yote.

Jumuiya hiyo ilikuwa na desturi yake. Mshumaa uliwashwa na mtoto, na kabla ya kuwasha, katekista alimuuliza mbele ya watu wote, "Njia yako imenyooka?" Alitaka kujua kama mtoto huyo amegombana na mtu, au amemkosea mtu na bado hajapatana naye. Akijibu "Imenyooka," aliwasha. Kama haijanyooka, alikwenda kwanza kuinyoosha, na watu wote walimngoja. Mwaka uliotangulia walingoja karibu nusu saa kwa sababu mvulana mmoja alikuwa amemkosea dada yake, na dada alikuwa chooni. Watu walicheka, lakini walingoja.

Mwaka huu mshumaa wa waridi alipewa Acan, rafiki wa Mbambu, binti wa polisi aitwaye Oyet. Mama Blandine ndiye aliyechagua watoto, na hakutaka watu waseme anampendelea wake. Mbambu alielewa. Hata hivyo kuelewa ni jambo moja na kufurahi ni jambo jingine, na Mbambu hakufurahi hata kidogo.

Alhamisi kabla ya Dominika hiyo, Mama Blandine alishuka mjini kununua uzi. Acan alikuja kufanya mazoezi ya sala fupi ambayo angeisoma. Walipoona mawingu yamekuwa mazito upande wa kilima cha Mengo, Acan aliaga na kukimbia kwao. Mbambu alibaki peke yake na boksi.

Tangu siku ile mama yake alipomimina nta, Mbambu alikuwa na swali moja. Mshumaa wa waridi unatoa moto wa rangi gani? Angengoja siku tatu angejua. Lakini angeuona kutoka benchi la nyuma, kiberiti kikiwa mkononi mwa mwingine. Alipanda kwenye kiti, akateremsha boksi, akawasha.

Moto ulikuwa wa njano, sawa na wa mshumaa wowote. Alikuwa bado anautazama kwa masikitiko mvua ilipoanza kupiga mabati. Alikumbuka vitenge, akatoka mbio. Alipomaliza kuviingiza kwenye kibaraza, jirani yao Mama Rukiah alimwita amsaidie kufunika magunia ya makaa. Mama Rukiah alikuwa mtu wa shukrani ndefu. Mbambu aliporudi ndani, mshumaa ulikuwa umeliwa na upepo wa dirishani mpaka nusu, na tawi moja lilikuwa limeanza kukauka kwa joto. Aliuzima, akakwangua nta iliyomwagika, akarudisha boksi juu ya kabati.

Jumamosi asubuhi Mama Blandine aliteremsha boksi ili abadilishe matawi. Alipoona mshumaa wa waridi umebaki nusu, akaita.

"Mbambu, nani ameshika mshumaa huu?"

"Acan alikuwa hapa Alhamisi," Mbambu alijibu.

Hakuna aliyeweza kumwita mwongo. Acan kweli alikuwa hapo Alhamisi. Lakini ukweli uliokatwa nusu unaweza kumuumiza mtu kuliko uongo mzima, na Mbambu alilijua hilo alipokuwa bado anafungua mdomo.

"Alikuja kufanya mazoezi?"

"Ndiyo, mama."

"Ee, ndiyo maana. Hakuweza kungoja." Mama Blandine alitikisa kichwa. "Na angeunguza nyumba."

Mbambu angeweza kusema wakati huo. Aliokota vipande vya vitambaa sakafuni, ingawa hakuna aliyemwambia aviokote.

Mchana Acan alikuja kuchukua gauni lake, ambalo Mama Blandine alikuwa amelipunguza urefu. Alikuta uso wa Mama Blandine umekunjwa.

"Acan, mshumaa wa kanisa si kitu cha kuchezea. Kesho atawasha Mbambu."

"Mama, mimi sikushika hiyo mshumaa."

"Basi ulijiwasha wenyewe?"

Acan alimtazama Mbambu. Mbambu alitazama ndala zake.

"Baba ameomba ruhusa kazini," Acan alisema polepole. "Kila Dominika yeye iko kazini. Kesho anakuja kuniona."

"Atakuja kusali, kama sisi wote," Mama Blandine alisema, akamkabidhi gauni likiwa ndani ya kaveera, mfuko mweusi wa plastiki. Acan alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaondoka. Machozi aliyazuia mpaka alipopita kona.

Basi Mbambu alikuwa amepata alichokitaka. Jioni mama yake alipika sombe, yaani kisamvu, na samaki, chakula anachokipenda kuliko vyote, naye akala vijiko viwili. Alijaribu kulitamka lile neno akiwa anaosha sufuria. Imenyooka. Lilitoka vizuri kabisa. Ni neno moja tu, alijiambia, na kila mwaka watoto hulisema.

Dominika asubuhi ukumbi ulijaa mapema. Oyet alikuja na sare yake ya polisi, kwa sababu angeingia kazini saa nane. Acan alikuwa pembeni yake amevaa lile gauni. Mlangoni Oyet alimsalimia Mama Blandine kwa adabu, kisha akasema, "Mama Mbambu, mimi nilisikia hiyo maneno. Mtoto yangu anasema hakushika. Mimi nauliza watu maswali kila siku, na mtoto yangu akidanganya, najua. Lakini leo tumekuja kusali, si kugombana."

"Ni kweli, Afande," Mama Blandine alijibu, lakini alikwenda kukaa akiwa na mawazo.

Katekista wao alikuwa Mwalimu Augustin, mzee mwembamba aliyewahi kufundisha hesabu Kongo na ambaye hakuwa na haraka na chochote. Mishumaa miwili ya zambarau ilipokuwa tayari inawaka, alimwita mbele mtoto wa kuwasha. Alishangaa kidogo kuona anayekuja ni Mbambu, si Acan. Alimpa kiberiti.

"Mbambu, njia yako imenyooka?"

Mbambu alifungua mdomo. Neno alilolitamka mara kumi jikoni halikutoka. Alimwona mama yake kwenye benchi la mbele, na akajua kwamba akisema ukweli, mama yake ataaibika mbele ya jumuiya nzima. Alimwona Acan nyuma kabisa, ameinamisha kichwa, na Oyet, aliyeacha kazi yake kuja kumwona binti yake akiwasha mshumaa. Mtoto mmoja alilia na kunyamazishwa. Mwalimu Augustin alingoja.

"Haijanyooka," Mbambu alisema.

"Basi nenda. Sisi tupo."

Njia ya kutoka mbele hadi benchi la nyuma haikuwa ndefu, lakini Mbambu aliiona haina mwisho. Alisimama mbele ya Acan. Ukumbi ulikuwa kimya, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Acan, mimi ndiye niliyewasha mshumaa. Nilitaka kuona kama moto wake ni wa waridi. Mama aliponiuliza, nilimwacha afikiri ni wewe."

"Jana nilikuangalia," Acan alisema. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Na nilitaka kuwasha mimi. Nisamehe."

Acan aligeuza uso. Baba yake naye hakumsaidia, alitazama mbele tu. Ndipo Mama Blandine alipoinuka kutoka benchi la mbele, akatembea mpaka nyuma, uso wake umebadilika rangi. Mbambu alidhani anakuja kumshika sikio. Mama yake alimpita, akapiga goti moja chini ili macho yake yalingane na ya Acan.

"Acan, mwanangu, uliniambia kweli nami sikukusikiliza. Mimi ni mtu mzima, nilikuhukumu kabla ya kukuuliza vizuri. Unisamehe. Na wewe, Baba Acan, unisamehe."

"Mimi nimesamehe, Mama," Oyet alisema, akamwinua kwa mkono. "Lakini huyu ndiye uliumiza. Ngoja yeye aseme."

Mama Blandine alichukua kiberiti mkononi mwa Mbambu, akampa Acan. Acan alikwenda mbele taratibu. Mwalimu Augustin akamuuliza kama alivyowauliza wengine wote, "Acan, njia yako imenyooka?"

Acan alifikiri. "Mwalimu, bado. Bado niko na hasira."

Watu waligeuziana macho. Jambo hilo halikuwa limetokea kabla. Mwalimu Augustin aliketi kwenye kiti chake.

"Umesema vizuri," alimwambia. "Kaa nayo mpaka ipungue. Tutangoja."

Wakangoja. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Mama mmoja upande wa kushoto aliinuka kimya, akavuka ukumbi, akampa mkono mwanamke ambaye hakuwa amesalimiana naye tangu Pasaka. Mzee mpiga ngoma alimfuata mwanawe nje, nao wakarudi pamoja. Mbambu alibaki amesimama pale nyuma, hajui mahali pa kuweka mikono yake. Alikuwa na aibu, lakini kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alipumua vizuri.

Baada ya muda mrefu Acan aligeuka. "Mbambu, njoo usimame hapa."

Mbambu alikwenda akasimama pembeni yake.

"Imenyooka," Acan alisema, akawasha.

Ibada ilipokwisha, wasichana wawili walibaki kuondoa taji mezani. Mwalimu Augustin alikuwa amekaa mlangoni na Mama Blandine. Mbambu alimkaribia.

"Mwalimu, nimeharibu Dominika ya Furaha?"

Mzee alijibu kwa swali. "Ikitangazwa kwamba Kabaka atapita hapa Mengo, watu hufanya nini?"

"Wanasafisha barabara," alisema Mbambu.

"Na wanasimamisha migomba pembeni, barabara ipendeze," aliongeza Acan.

"Vizuri. Sasa wasimamishe migomba mizuri kabisa, lakini waache jiwe kubwa katikati ya barabara. Mfalme atapita?"

"Hatapita."

"Taji letu, rangi ya zambarau, nyimbo zetu, hiyo yote ni migomba ya pembeni. Inapendeza, nami naipenda. Lakini Majilio ni kuondoa jiwe. Jiwe lako, Mbambu, lilikuwa lile neno ulilolikata nusu. Jiwe la mama yako lilikuwa haraka ya kuhukumu. La Acan lilikuwa hasira, na hata hasira ya haki huziba njia ikikaa sana. Tulipoyaondoa, ndipo furaha ilipopata pa kupita. Hujaharibu kitu. Ungeharibu kama ungesema imenyooka."

"Lakini kuhusu moto uliouacha unawaka ndani ya nyumba," Mama Blandine alisema, "hilo tutaliongea mimi na wewe nyumbani, na halitakuwa fupi."

"Ndiyo, mama." Mbambu alimgeukia tena mzee. "Mwalimu, na kama jiwe ni zito, mtu hawezi kuliinua?"

"Lako lilikuwa jepesi?"

"Hapana. Lilikuwa zito sana."

"Na watu wote hawa walifanya nini ulipokuwa unalisukuma?"

Mbambu alifikiri. "Waliningoja."

"Ndiyo sababu hatumngoji Bwana kila mtu peke yake chumbani kwake," Mwalimu Augustin alisema. "Tunamngoja pamoja, na tunangojana."