Namba Iliyofifia

Likizo ile, kila asubuhi Chiriku alifuatana na mama yake mdogo hadi zahanati. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama mdogo alikuwa fundi wa programu, na zahanati ilimpa kazi ya kuitengenezea moja. Chiriku alimsaidia kuingiza kadi za wagonjwa kwenye kompyuta: namba ya mgonjwa, kisha dawa inayomdhuru.

Kompyuta ya zahanati ilikuwa kuukuu, hivyo programu ilitengenezwa iwe nyepesi. Muuguzi angeandika namba, na jibu lingetokea kufumba na kufumbua. Lakini faili lenye namba zote likishafungwa lilikuwa la kusomwa tu. Kubadili hata herufi moja kulitaka lijengwe upya lote.

Siku ya mwisho, Chiriku alikuta kadi yenye namba iliyofifia. Tarakimu ya mwisho ilikuwa moja au saba, hakuwa na hakika. Wenzake walikuwa wakimsubiri uwanjani. Akaandika saba, akaendelea.

Mchana faili lilifungwa. Muuguzi alijaribu namba tatu, zote zikajibu sawasawa, akafurahi. Chiriku alikwenda uwanjani, lakini kila mpira ulimponyoka. Nyumbani alisogeza sahani, akatoka nje, akarudi, akaketi, akainuka tena. Mama yake alimuuliza kama ana homa. Akasema hana. Kulipokucha alikuwa mlangoni kwa mama mdogo kabla chai haijachemka.

"Mama mdogo, kuna namba niliibahatisha," alisema, macho yakiwa chini.

Mama mdogo hakumgombeza. Alichukua mkoba wakaondoka, karibu mbio. Daftari la mapokezi lilionyesha kuwa namba ile iliishia na moja, na mwenyewe alikuwa seremala anayedhurika na penisilini. Chiriku aliiandika namba hiyo kwenye kompyuta. Jibu likaja papo hapo: hakuna dawa inayomdhuru. Penisilini ilikuwa imebaki kwenye namba inayoishia na saba. Seremala huyo alikuwa benchini, wa tatu kwenye foleni, kidole kimefungwa kitambaa.

Muuguzi aliarifiwa, kadi ikasahihishwa, faili likajengwa upya kabla zamu ya seremala haijafika. Safari hii kompyuta ilijibu: penisilini.

"Programu hii haifikiri," mama mdogo alimwambia. "Uliyoiwekea ndiyo inayokurudishia, yawe kweli au uongo, kwa kasi ileile. Usipokuwa na hakika, uliza. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha akavuta rundo la kadi, akaanza kuzihakiki upya, moja baada ya nyingine.