Nusu Wati Haikumtosha Mume Wangu

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka thelathini na sita, na naishi hapa Nyeri mjini. Nilipoolewa na Baba Wambui, watu walinipongeza kwamba nimepata mwanaume mwenye akili. Niacheni nicheke kidogo kabla sijaanza kulia...

Kazi yangu ni kutengeneza bodi za redio. Bodi moja inaingia kwenye kiganja. Unaiunganisha na intaneti, unaweka antena juu ya paa, na mtu mwenye leseni ya redio akiongea kutoka karibu, sauti yake inapitia intaneti hadi kwa wenzake popote walipo. Bodi zangu hutumia nguvu kidogo sana, nusu wati tu, kwa hivyo betri moja na sola ndogo zinatosha.

Ile niliyoipenda kuliko zote niliiweka kwa mama yangu, Naro Moru, chini ya mlima. Niliitengeneza kwa ajili ya mdogo wangu Muriuki, mpagazi wa mlimani. Alifanya mtihani wa leseni akapita, na kila akipanda na wageni alibeba redio ya mkononi. Jioni aliniita. Mlima unaonekana wazi kutoka paa la mama, kwa hivyo nusu wati ilitosha na kubaki. Mimi nikiwa mezani kwangu Nyeri namsikia akisema, "Dada, tumefika salama, chai iko motoni." Hayo tu. Nalala bila wasiwasi.

Mume wangu naye alikuwa na leseni. Kulehemu hata waya mmoja hajui, lakini kuongea! Katika kikundi chetu cha redio alijiita fundi mkuu, na bodi zangu alizionyesha watu kama zake. Nilinyamaza. Mke mwema hamwaibishi bwana mbele ya watu, si ndivyo tunavyofundishwa?

Kitu kimoja tu kilimuuma. Mwanachama mmoja kutoka Mweiga alimtania kwamba kituo chake cha Naro Moru ni cha nusu wati. Akarudi nyumbani amevimba.

"Mama Wambui, hii kitu yako ni ya watoto," akaniambia. "Ati nusu wati! Watu wananicheka."

Nilimweleza kwa upole kwamba nguvu nyingi si sifa, kwamba kinachotakikana ni Muriuki asikike. Ni kama nilikuwa naeleza ukuta.

Kisha upepo ukaangusha antena kwa mama. Mimi nilikuwa na Wambui hospitalini, ana homa, kwa hivyo Baba Wambui akajitolea kwenda kuirekebisha. Jioni nikampigia simu. Nikamuuliza, umejaribu kupokea? Umemwambia mtu akuite kwa redio ukamsikia?

"Inapiga kama radi, Mama Wambui," akanijibu. "Wewe tulia."

Nami nikatulia. Mjinga mimi!

Wiki hiyo Muriuki akapanda. Walipokuwa wakishuka, alitangulia peke yake na mzigo, akateleza kwenye mawe akaanguka mbali na njia, mguu ukavunjika. Simu haikuwa na mtandao. Akatoa redio, akaniita. Akaniita tena...

Mimi nilikuwa mezani. Nilichosikia ni sauti ya mume wangu, aliyekuwa amejiunga na kituo kwa simu yake akiwa kwa kinyozi, akiwasalimia watu wa Kanada. Alikuwa anawaelezea "mtambo wake mpya" ulivyo na nguvu hadi umefika ng'ambo. Jamani! Kanada ilifikiwa kwa intaneti, kama siku zote! Hata bila antena angefika! Lakini sauti ilikuwa safi, nikajua kituo kiko sawa, nikadhani Muriuki amechelewa tu. Nikaendelea na kazi.

Wapagazi wenzake walimpata asubuhi. Usiku mzima kwenye baridi ile. Madaktari waliukata mguu chini ya goti.

Nilipofika wodini nilimuuliza kwa nini hakuniita. Akanitazama kwa mshangao.

"Nilikuita, dada, hadi betri ikaisha. Nilikuwa nasikia shemeji akiongea. Nikawa nangoja amalize, ndio niingie."

Sisi watu wa redio tumefundishwa hivyo. Mwenzako akiongea, unangoja. Mdogo wangu alilala kwenye mawe, mguu umevunjika, akimngoja kwa heshima bwana yule amalize kujisifu.

Nilienda Naro Moru nikapanda paani mwenyewe. Bodi yangu ilikuwa nzima. Katikati ya bodi na antena, mume wangu alikuwa amefunga kikuza nguvu cha bei rahisi, swichi yake imeganda upande wa kutuma. Sauti ilitoka kwa kishindo. Kuingia, hakuna kilichoingia. Jaribio la dakika moja lingemwonyesha, lakini kujaribu kunataka mtu anyamaze asikilize.

Unajua alisema nini nilipomwonyesha? "Lakini si ulisikia vile tulitoka vizuri?"

Nilimchukua Wambui nikarudi kwa mama. Baadaye Baba Wambui alileta wazee wa ukoo wao kuniomba nirudi. Wakanywa chai, wakasema sisi sote ni binadamu. Mmoja akamuuliza Muriuki kama amesamehe.

"Nimesamehe, baba," akajibu. "Lakini mlima ndio ulikuwa kazi yangu. Mwambieni anitafutie ingine."

 Baba Wambui alikuwa nje, akiongea na simu.

Dada zangu mnaosoma haya, mimi kosa langu lilikuwa kulinda jina la mtu asiyekuwa na jina. Kazi ya mikono yako usimwachie anayeidharau, hata kama mlifunga ndoa kanisani. Na ukimsikia bwana wako anasikika hadi ng'ambo lakini wa karibu hawamfikii, usimpigie makofi. Chukua ngazi, panda paani, uangalie amefanya nini.