Dawa ya Elfu Moja na Mia Nne

Kila asubuhi kabla ya shule, Nakhumicha aliketi kwenye kigoda jikoni kwao mtaani Kimumu, akanyoosha mikono, naye mama yake akampaka dawa ya ukurutu. Miezi mitatu sasa, na vidole vilizidi kupasuka. Jana tu Byron, anayeketi naye darasani, alivuta daftari lake na kufoka, "Usiguse! Utaniambukiza!" Ukurutu hauambukizi, lakini nenda ukamwambie Byron.

Jumamosi hiyo aliamka mapema kuliko kawaida. Akamkuta mama akikamua dawa kidogo ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, kisha akikoroga kwa kijiko.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naiongeza ifike mwisho wa mwezi," mama alijibu bila kumtazama.

"Kumbe! Mimi nachekwa shuleni, kushika kalamu ni taabu, na wewe unanipaka mafuta!"

"Tyubu moja ni elfu moja na mia nne! Nifue nguo za watu wangapi?"

"Si ungemwuliza daktari kama kuna ya bei nafuu?"

"Daktari haulizwi. Unataka aseme huyu mama hana pesa?"

"Lakini kweli hatuna!"

Nakhumicha alinyakua karatasi ya daktari mezani akatoka mbio. Mama alimfuata na leso yake kiunoni, akimwita kwa majina yake yote matatu, mpaka wakafika duka la dawa.

"Kuna nyingine kama hii ya bei nafuu?" Nakhumicha aliuliza hata kabla ya kusalimu. Mama akamfinya.

Cherono, mfamasia, alisoma karatasi, akaweka paketi mbili juu ya kaunta. "Haya maandishi makubwa ni jina la kampuni. Jina la dawa yenyewe ni haya madogo. Yasome."

Nakhumicha aliyasoma. Paketi zote mbili zilikuwa na neno moja, na kipimo kimoja cha nguvu.

"Hii ni elfu moja na mia nne. Hii ni mia mbili," Cherono alisema. "Na msiichanganye na mafuta. Mnaipunguza nguvu."

"Mia mbili!" Sasa aliyewaka ni mama. "Mbona mwenzako aliniuzia mara tatu ile ghali asiniambie?"

"Alipaswa kukwambia, Mama. Hilo ni kosa letu. Lakini nawe uulize. Karatasi ya daktari si amri ya polisi."

Wiki tatu baadaye, kwa dawa ya mia mbili isiyochanganywa, vidole vilikuwa vimepona, na Byron akatafuta jingine la kusema. Mama na Nakhumicha waliporudi dukani, mbele yao alisimama mwanamke aliyebeba mtoto mwenye mabaka shingoni. Alikuwa anampa Cherono karatasi na noti zake bila kuuliza lolote. Mama akamshika mkono.

"Dada, uliza kwanza kama kuna ya bei nafuu. Mimi niliona haya kuuliza, na aliyeumia ni mtoto wangu."