Maandamano ya Mfereji Unaonuka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dafrosa aliteka maji kwenye kisima cha mtaa wao huko Cheyo, mjini Tabora, huku amebana pua. Karibu na kisima hicho ulipita mfereji uliotoka kwenye machinjio ya mtu binafsi. Humo ilijaa damu iliyooza, mavi ya ng'ombe na vipande vya utumbo. Nzi walikuwa wengi hata ukifungua mdomo kumsalimu jirani, ulimeza mmoja. Dafrosa alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na uchafu ule ulikuwa umemkinaisha kabisa.

Mdogo wake, Zablon, alikuwa amelazwa kwa homa ya matumbo. Daktari alisema wazi kwamba ugonjwa umetokana na maji. Sasa mvua za kwanza zilikaribia. Zikinyesha, mfereji ungefurika na uchafu wote ungemwagika kisimani.

Kwa hiyo mtaa ulipoitwa kuandamana, Dafrosa alifurahi sana. Aliyewaita ni Bwana Ngollo, mtu aliyekuwa akiutaka udiwani. Kibali cha polisi kilipatikana, fulana zenye picha yake zikagawiwa, na Jumatano baada ya masomo watu wakatembea hadi ofisi ya afya.

"Maji safi ni haki yetu!" walipaza sauti. Dafrosa alipiga kelele mpaka koo likamkauka.

Walipofika, Bwana Ngollo alipanda juu ya gari akahutubia. Alisifu ukoo wake, ng'ombe wake wa Nzega na moyo wake wa huruma. Mfereji aliutaja mara moja tu, tena kwa haraka, kama mtu anayeruka tope. Debe tupu haliachi kuvuma. Kisha kijana mmoja akatangaza kwa kipaza sauti kwamba pilau imeiva nyumbani kwa mheshimiwa.

Lo! Watu waliondoka mbiombio, wakikanyagana na kutupa chupa za maji ovyo. Haohao waliokuwa wakidai usafi! Dafrosa alibaki peke yake uwanjani.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Afisa afya, Bwana Leodgar, akatoka.

"Shikamoo," alisema Dafrosa.

"Marahaba, binti. Nimesikia kelele. Wako wapi wenzako?"

"Wameenda kula pilau."

"Walikuwa wanataka nini?"

Dafrosa aliona aibu mno, akashindwa kujibu. Afisa akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Jioni mama yake, Recheli, alirudi kutoka hospitali alikokuwa akimwuguza Zablon. Alimkuta binti yake amevua fulana na kuitupa chini.

"Maandamano ni takataka, mama! Hayabadilishi chochote. Sirudi tena!"

"Mlimwambia nini afisa?"

"Hakuna aliyemwambia kitu."

"Hata wewe?"

Dafrosa aliinama, akaiokota ile fulana.

Kesho yake baada ya masomo, mama alimchukua Dafrosa na majirani wachache wakaenda ofisini. Karani aliwaambia warudi wiki ijayo.

"Tutasubiri hapahapa, baba. Hatuna haraka," alijibu mama, akaketi kwenye ngazi. Wenzake nao wakaketi. Karani alinuna, lakini hakuna aliyeinuka.

Hatimaye Bwana Leodgar alitoka. "Wewe si yule binti wa jana?"

"Ndiye mimi," alisema Dafrosa. "Tulikuja kwa sababu ya mfereji wa machinjio. Mdogo wangu anaumwa kwa ajili ya maji yetu. Tafadhali, twende ukaone."

Afisa alikubali. Kisimani alivuta ndoo, akakuta kipande cha utumbo kimenata kwenye kamba. Aligeuka upande, akatapika. Siku hiyohiyo aliyafunga machinjio mpaka mmiliki wake achimbe shimo la taka na kuufukia mfereji. Kisima kikasafishwa na kutiwa dawa. Mvua ziliponyesha, Zablon alikuwa amekwisha kurudi nyumbani.

Na nani alikuja na mpiga picha kusimama juu ya mfereji uliofukiwa? Bwana Ngollo, akitabasamu meno yote nje.

"Mama, mwone asivyo na haya!" alisema Dafrosa kwa hasira. "Sasa maandamano yale yalisaidia nini?"

"Yalisaidia, mwanangu. Afisa alitoka kwa sababu ya zile kelele. Kuandamana ni kubisha hodi. Lakini ninyi mlibisha hodi, halafu mkakimbilia pilau kabla mwenye nyumba hajafungua. Mtu akibisha hodi husimama mlangoni, akiulizwa shida yake aiseme."

Dafrosa alifikiri kidogo. "Na mwenye nyumba asipofungua?"

"Utakaa kwenye ngazi zake," alisema mama, "mpaka achoke kukuona."