Kifaurongo cha Mlangoni

Jua lilikuwa linakaribia kuzama mtunza bustani alipobeba jembe kwenda kung'oa kifaurongo. Mama mwenye nyumba alishasema: "Nikirudi kesho nisilione hilo gugu."

Haya. Waridi la mama huyo linadekezwa kama kitinda mimba, lipewe samadi, lipulizwe dawa, na bado linanuna. Bogenvilia nayo ni majivuno tupu, rangi kibao, harufu hakuna. Kifaurongo hakikupandwa na mtu. Kilijiotea tu, kikatambaa kutoka getini hadi mlango wa chumba cha uani, alikoishi mtunza bustani na binti yake mdogo. Ukikigusa, majani yanajikunja, kinajifanya kimekufa. Marehemu mkewe alikipenda kuliko maua yote. Kila jioni alikikanyaga makusudi, huku akiuburuta mguu wake mbovu wa kushoto, na mtoto mlangoni hoi kwa kicheko.

Tangu amzike, mtunza bustani hakuwa amelia. Watu walimsifu kwa kujikaza. Kujikaza gani? Hakuhisi kitu, basi. Hata leo, binti yake akiungua kwa homa isiyosikia dawa, alijua tu kwamba alipaswa kuogopa.

Akainua jembe.

Pale getini, majani yakajikunja.

Upepo haukuwepo. Paka hakuwepo. Unyayo mmoja... kisha mstari mrefu, wa mguu unaoburutwa. Unyayo... mstari. Vikija. Harufu ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa, ikampanda puani.

Ndani, mtoto akacheka.

"Mama, pita tena!"

Jembe likamponyoka. Alijua nani amefuatwa. Akakimbia, akajilaza chali mbele ya mlango, juu ya miiba.

"Mke wangu," akanong'ona, "huyu niachie. Kama ni upweke... nichukue mimi."

Majani yakajikunja ubavuni pake. Kitu cha baridi kikampapasa kifuani, taratibu, kama mtu anayetafuta kitasa gizani.

Kisha majani mengine yakajikunja. Unyayo... mstari... kuelekea getini.

Asubuhi homa ilikuwa imekwisha. Mtoto alimaliza bakuli zima la uji, akatoka kukichokoza kifaurongo. Jembe lilikuwa bado limelala palepale. Mama mwenye nyumba na aje aseme apendavyo.

"Baba, na wewe gusa!"

Akagusa. Majani yakabaki wazi.

Akapapasa tena, kwa kiganja kizima. Wapi!

"Mbona kwako hakijikunji?"

Mwiba ulikuwa umezama kidoleni mwake. Akauchomoa. Haukuuma, wala damu haikutoka.

Mtoto akaushika ule mkono, akashtuka kidogo.

"Wa baridi, baba. Kama wa mama jana."

Akaanza kuupuliza, apate kuupasha joto.